Kupe wa Swala, Papasi wa Kitandani: Homa Isiyokuwa Malaria

Mvua za masika zinapokatika na majani kuanza kukauka, watu wengi wa kwetu Mwanza hudhani kwamba kupe nao wamekwenda zao mpaka mvua nyingine. Kweli, ukimtazama ng'ombe mwezi wa Julai huwaoni tena wale kupe wanene walioning'inia kama mbegu za nyonyo. Lakini kupe hajaenda popote. Amebadilika umbo tu, na pengine amebadilisha mnyama wa kumnyonya.

Nimeamua kuliandikia jambo hili kwa sababu akina mama kadhaa wa hapa Pasiansi wameniuliza. Kama mjuavyo, tunacho hapa chuo cha wanyamapori tangu mwaka 1966, na vijana wetu wengi husoma pale au hupeleka maombi ya kusoma pale. Wanakwenda mafunzo ya porini, wanalala kwenye nyasi, wanatambaa, wanarudi nyumbani likizo. Siku ya tano au ya saba kijana anaanza homa na kichwa kinamgonga. Anapimwa malaria, haionekani. Mama anabaki anajiuliza mwanangu ana nini.

Kupe huishije?

Kupe si mdudu kamili kama inzi au chawa. Ni jamaa wa buibui, na ukimhesabu miguu akiwa mkubwa utaikuta minane. Anapita hatua nne: yai, kupe mchanga mwenye miguu sita, kupe wa kati mwenye miguu minane, na kupe mzima. Kila hatua baada ya yai inahitaji mlo mmoja mkubwa wa damu ndipo iweze kuendelea. Jike akishashiba huanguka chini, hutafuta mahali penye kivuli, hutaga mayai yake yote kwa mkupuo mmoja, kisha hufa. Kupe wa masikio ya ng'ombe, yule wa kahawia, hutaga mayai elfu kadhaa. Kupe mkubwa mwenye madoa ya rangi mgongoni, ambaye wafugaji wanamfahamu sana kwa kidonda anachoacha kwenye kiwele, anaweza kufikisha mayai 20,000.

Adui mkubwa wa kupe ni ukavu. Hana pa kunywa maji, hivyo hutegemea unyevu wa hewa iliyo chini ya majani. Ndiyo sababu kupe wazima wa aina hizi mbili hujitokeza kwa wingi mvua zinaponyesha. Mayai yao huanguliwa baadaye, na watoto wanapopanda juu ya majani mvua zinakuwa zimeshapungua. Katika nchi zenye msimu mmoja wa mvua na kiangazi kirefu, mpangilio huu ni kama kalenda: wakubwa wakati wa mvua, wachanga baada ya mvua, wa kati katikati ya kiangazi. Kwetu huku kando ya ziwa, karibu na ikweta na penye mvua za vuli na za masika, kalenda hiyo inachanganyika na unaweza kukuta rika zote pamoja. Hata hivyo, atembeaye porini wakati wa kipupwe ajue kwamba atakaowakuta zaidi ni wale wadogo, wengine wadogo kama punje ya ulezi. Watu huwaita vumbi. Hawawaoni mpaka mwasho uanze.

Kupe haruki wala hadondoki kutoka mtini kama wengi wanavyoamini. Hupanda ncha ya jani, hushika kwa miguu ya nyuma na kunyoosha ile ya mbele hewani, akisubiri. Katika miguu hiyo ya mbele ana kiungo cha kunusa pumzi, joto na harufu ya mnyama. Mguu wa swala ukipita, au mguu wa mwanafunzi wa chuo, anashika. Yule mwenye madoa ya rangi hana subira ya namna hiyo. Huyo huweza kumfuata mnyama kwa kutembea ardhini.

Swala anajisafisha, ayala hana bahati hiyo

Hapa kwetu hatuna ayala, yule mnyama mwenye pembe za matawi anayetajwa katika Zaburi ya 42. Jamaa zake wanaishi Ulaya, Asia na Marekani. Sisi tuna swala, pofu, kongoni na nyumbu, ambao ni wa ukoo mwingine. Nawataja wote kwa sababu wataalamu wamejifunza mengi kwa kuwalinganisha.

Kule Marekani na Kanada yuko kupe anayeitwa kupe wa majira ya baridi. Anapanda juu ya mnyama akiwa mchanga kabla theluji haijaanza, na hashuki tena mpaka majira yajayo. Hatua zake zote tatu za kunyonya anazimalizia mwilini mwa mnyama mmoja. Ayala wadogo wa kule wamezoeana naye, hujilamba na kumpunguza. Lakini yule ayala mkubwa kuliko wote, ambaye ana ukubwa wa farasi, hajui kujisafisha vizuri. Mmoja anaweza kubeba kupe makumi ya maelfu. Anajisugua kwenye miti mpaka manyoya yanatoka na ngozi kubaki nyeupe, na ndama wengi hufa mwishoni mwa baridi kwa kuishiwa damu. Miaka hii ambapo theluji inachelewa kuanguka, kupe wachanga wanapata wiki nyingi zaidi za kumsubiri juu ya majani, na vifo vimekuwa vingi.

Swala pala wetu ni fundi. Meno yake ya mbele ya chini hukaa kama kitana, naye hujichana nayo kutwa nzima. Mahali asipofika, yaani kichwani na shingoni, huchanwa na mwenzake, kisha naye humchana mwenzake kwa zamu. Watafiti waliwahi kuwazuia baadhi ya swala pala wasijichane, na kupe waliongezeka sana. Ukienda Kisiwa cha Saanane, ambacho kilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964 na kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013, watazame swala pala wakiwa wamepumzika. Watoto hufurahi wakidhani wanabusiana.

Pamoja na ufundi huo, hakuna swala asiye na kupe kabisa. Anapowatoa wengine huanguka njiani, na wachanga huangulia palepale wanyama wanapopenda kupita na kunywa maji. Basi njia ya wanyama ndiyo mahali pabaya kuliko pote pa kuketi au kutandika nguo. Hali kadhalika nyati hubeba vimelea vya ndigana kali damuni mwake bila kuugua, na kupe akitoka kwake kwenda kwa ng'ombe wa mfugaji aliye jirani na hifadhi, ng'ombe hufa. Ndigana haimpati binadamu. Inampata mfukoni, na kwa familia inayotegemea maziwa ya ng'ombe mmoja kusomesha watoto, hilo nalo ni ugonjwa.

Homa ya kupe kwa binadamu

Turudi kwa yule kijana. Kupe mwenye madoa ya rangi, mkubwa kwa mdogo, hubeba kijidudu kinacholeta homa ya kupe. Siku tano hadi kumi baada ya kuumwa, mtu hupata homa, kichwa kuuma, misuli kuuma hasa ya shingo, na matezi kuvimba upande ule alioumwa. Ukimvua nguo na kumkagua vizuri utakuta kidonda kidogo chenye gamba jeusi katikati. Pengine viwili au vitatu, kwa kuwa kupe hawa huvamia kwa wingi. Kwenye ngozi yetu nyeusi gamba hilo halionekani upesi. Litafutwe nyuma ya magoti, kwenye kinena, makwapani, kiunoni ulipokaza mkanda, na hata kichwani.

Kwa kawaida homa hii si ya kuua. Dawa yake ni doksisaiklini, na mgonjwa hupata nafuu haraka akianza. Kinachonisikitisha ni kuona kijana amemeza dozi ya malaria mara mbili kwa homa ambayo haikuwa malaria, kisa hakuna aliyemwuliza ulikuwa wapi wiki iliyopita. Ukienda zahanati sema mwenyewe: nilikuwa porini, niliumwa na kupe. Maneno hayo machache yanamsaidia mganga kuliko unavyofikiri.

Papasi ni hatari zaidi

Sasa naomba mnisikilize vizuri, kwa maana hapa ndipo penye kufa na kupona. Kuna ndugu wa kupe ambaye hahitaji pori wala mvua. Ni papasi. Kupe wa nyasi ana mgongo mgumu; papasi ana ngozi laini yenye mikunjo kama mkoba wa ngozi uliozeeka, rangi ya udongo. Anaishi katika nyufa za sakafu ya udongo na kuta za matope, chini ya mkeka, karibu na mafiga. Usiku watu wakilala hutoka, hunyonya kwa muda usiozidi nusu saa hivi, kisha hurudi ufani. Asubuhi unaona alama na damu kidogo kwenye shuka, yeye humwoni. Anaweza kukaa miaka bila kula, akisubiri nyumba iliyohamwa ipate watu tena.

Papasi wa porini huishi katika mashimo ya ngiri. Huko wanabeba kirusi cha homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo haimdhuru ngiri wala binadamu, ila ikiingia kwenye banda la nguruwe wa kufugwa inafagia banda zima. Papasi wa nyumbani ndiye anayetuletea sisi homa ya papasi.

Ugonjwa huu una historia ndefu katika nchi yetu. Katika karne ya 19 wasafiri wa njia za misafara, ambako wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma, waliwaogopa sana papasi wa vibanda vya kulala. Mwaka 1905 daktari Mjerumani Robert Koch alikuja huku, akawachunguza papasi wa vibanda hivyo na kukuta vimelea hata ndani ya mayai yao. Maana yake ni kwamba papasi huwarithisha watoto wake ugonjwa; mtoto wa papasi huzaliwa akiwa tayari na sumu. Mwaka huohuo Mwingereza Joseph Dutton, aliyekuwa akiuchunguza ugonjwa huu kule Kongo, alifariki akiwa kazini baada ya kuupata yeye mwenyewe. Kimelea chake kinaitwa kwa jina la Dutton mpaka leo.

Dalili zake ni hizi. Homa kali ya ghafula, baridi ya kutetemeka, kichwa, viungo na mgongo kuuma, pengine kutapika na macho kuwa manjano. Baada ya siku tatu au nne homa inakatika kwa jasho jingi. Mgonjwa anaamka, anakunywa uji, watu wanamshukuru Mungu na mwarobaini. Baada ya wiki hivi homa inarudi. Inaweza kurudi mara nyingi namna hiyo, na kila ikirudi mwili umechoka zaidi.

Mnaona jinsi inavyofanana na malaria. Zamani, kila aliyekuwa na homa alitolewa damu ikatazamwa kwa darubini, na mtu wa maabara akitafuta malaria aliweza kukiona pia kimelea cha papasi, kimejipinda kama uzi wa skurubu. Siku hizi zahanati nyingi hutumia kipimo cha haraka, kile cha tone la damu kwenye kipande cha plastiki. Ni kipimo kizuri sana na kimetuondolea mengi, lakini kinatafuta malaria peke yake. Kikisema hakuna malaria, hakijasema huna ugonjwa. Kwa hiyo homa ikiondoka na kurudi, na mkiwa mnalala nyumba ya sakafu ya udongo au mmetoka kulala huko, ombeni damu itazamwe kwa darubini, na itazamwe wakati homa ikiwa juu, kwa kuwa ikishashuka vimelea havionekani kirahisi.

Mama mjamzito asisubiri

Homa ya papasi humtafuta mama mjamzito kwa namna ya pekee. Vimelea huwa vingi damuni mwake, na matokeo yake ni mimba kuharibika, mtoto kuzaliwa kabla ya siku zake, au kuzaliwa akiwa ameshaambukizwa tumboni na kufa katika siku za kwanza. Mama aliyepoteza mimba mbili tatu huku akiwa na historia ya homa za kurudiarudia, kabla ya kunyooshewa kidole jirani au bibi mzaa mume kwa uchawi, apimwe. Familia zimevunjika kwa mdudu wa ukubwa wa punje ya hindi.

Dawa zipo na hazina gharama kubwa: penisilini, doksisaiklini, na kwa mjamzito au mtoto mdogo erithromaisini. Lakini zisinunuliwe dukani na kumezwa nyumbani. Saa chache baada ya dozi ya kwanza vimelea hufa kwa wingi kwa pamoja, na mgonjwa huweza kutetemeka, homa kupanda kuliko mwanzo, na shinikizo la damu kushuka. Ndugu wakiona hivyo hudhani amepewa sumu, wanamtorosha wodini. Muacheni kitandani. Dozi ya kwanza itolewe mahali penye muuguzi wa kumwangalia na maji ya kumtundikia.

Nyumba, kitanda na mbwa

Katika miaka 30 iliyopita nyumba nyingi za vijijini zimepata saruji na bati, na papasi amepungua mahali pengi. Hajaisha. Asiyeweza kununua saruji azibe nyufa za sakafu na ukuta kwa udongo laini mara kwa mara. Kazi ya asubuhi moja. Kitanda kiinuliwe, kisogezwe mbali na ukuta, na chandarua kichomekwe chini ya godoro. Watoto na wageni ndio tunaowalaza chini kwenye mkeka, nao ndio wanaougua zaidi. Mgeni hana kinga ya papasi wa nyumba yako hata kama wewe umewazoea.

Mbwa naye ana kupe wake, ambaye huishi ndani ya nyumba na kupanda ukutani misimu yote. Mbwa asilale chumba wanacholala watoto.

Anayekwenda porini avae suruali ndefu, achomeke ncha zake ndani ya soksi, na jioni ajikague mwili mzima. Kama wako wawili wakaguane mgongoni, kama swala pala. Akimkuta kupe amshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, avute polepole moja kwa moja bila kunyonga, kisha aoshe kwa sabuni. Kupe asichomwe kwa sigara wala kumwagiwa mafuta ya taa. Akishtuka huweza kutema alichonacho ndani ya damu yako. Asipasuliwe kwa kucha pia, kwani baadhi ya kupe hubeba ugonjwa mbaya wa kutoka damu, ambao majirani zetu Uganda wameupata mara kadhaa tangu mwaka 2013.

Na dawa ya josho ni ya ng'ombe. Nasema hivi kwa sababu bado wapo wazazi wanaompaka mtoto kichwani dawa ya kupe ili kuua chawa, au wanainyunyiza kwenye godoro. Ni sumu inayopita kwenye ngozi. Mtoto akipakwa kwa bahati mbaya, avuliwe nguo, aoshwe kwa maji mengi na sabuni, apelekwe hospitali pamoja na chupa yenyewe ili tusome kilichomo.

Mwisho, mmeniuliza kama nyama ya mnyama aliyekuwa na kupe inalika. Inalika ikiwa imekaguliwa na kupikwa ikaiva, iwe ya ng'ombe au ya pori iliyouzwa kwa kibali. Hatari iko kwa mchinjaji na mchunaji, kwa sababu ya damu mbichi na kupe wanaoikimbia ngozi inapopoa. Avae glavu na mabuti, na ngozi isitandikwe uani wanapochezea watoto mpaka ikauke kabisa juani.